Kipimamvua cha Pili

Kilichonishangaza kwanza ni wepesi wa kuhama kwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa usiku mrefu, nimenunua bando la kutosha, nimewaomba wenzangu wasiguse chochote mpaka niwaambie, kumbe amri chache tu zilitosha. Msimbo wote wa programu yetu, tangu mstari wa kwanza tulioandika, ukawa umefika mahali papya pamoja na majina ya walioandika, tarehe, na yale maelezo mafupi ambayo kila mmoja wetu huyaacha anapobadilisha kitu. Nikabaki natazama kioo cha kompyuta nikijiuliza kama kazi imekwisha, na kama imekwisha, mbona moyo haujatulia. Swali hilo la pili nimelizungusha kichwani muda mrefu. Naandika sasa kwa kuwa limeanza kunionyesha umbo lake, ingawa jibu bado.

Programu yenyewe ni ndogo. Inapokea vipimo vya mvua kutoka kwa watu wa kujitolea hapa Taita Taveta, wanaovituma kwa ujumbe mfupi wa simu baada ya kusoma vipimamvua vyao saa tatu asubuhi. Inavipanga kwa kituo na kwa tarehe, inaweka kando vinavyotia shaka, kisha inatoa jedwali la msimu ambalo mkulima anaweza kulisoma akiwa amesimama kwenye duka la pembejeo. Kaunti yetu inahitaji vipimo vingi kwa sababu ardhi yake haifanani. Mji wa Voi uko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Vuria kiko mita 2,208, na safari ya kati ya hapa na pale ni ya asubuhi moja. Siku ambayo watu wa Wundanyi wamevaa masweta ndani ya ukungu, sisi wa tambarare tunapigwa na vumbi. Huku chini, vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo watu wanaitegemea kuliko masika, na mtu akisoma tu kwamba Taita imepata mvua hajajua bado kama apande au angoje. Tuliiandika kwa leseni huria ili mtu wa Kwale, au wa Same ng'ambo ya mpaka, aichukue aibadilishe apendavyo bila kutuomba ruhusa.

Kwa miaka yote iliishi GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, kama zinavyoishi programu huria nyingi zenye asili ya Kenya. Ushahidi, iliyozaliwa katika machafuko ya baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, iko huko. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, uko huko. Sikuwa na kinyongo na mahali hapo, wala leo sina. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma kazi ya watu nisiowajua, na ndipo mtu nisiyemjua aliposoma yangu kwa mara ya kwanza akanionyesha kwa upole palipopinda.

Nafikiri pia kwamba mtu aliyekulia Voi hashangai sana kazi yake ikihifadhiwa mbali. Huu ni mji wa vinavyopita. Reli ilipita hapa kabla karne ya 20 haijaanza, na mwaka 1915 vita vya Waingereza na Wajerumani vikaichomolea tawi kuelekea Taveta. Maji ya Mzima, yanayobubujika ndani ya Tsavo Magharibi, yanateremka kwa bomba kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950. Mafuta yanapanda kwa bomba jingine kwenda Nairobi tangu 1978. Treni ya SGR ilianza 2017. Na intaneti nayo, baada ya kebo za TEAMS na SEACOM kutua Mombasa mwaka 2009, inapanda kwa njia hiyo hiyo. Mtoto wa hapa huzoea kuona vitu vikubwa vikielekea kwa wengine, mpaka inaweza kumchukua miaka kuuliza kama kuna kilicho chake miongoni mwavyo. Mimi ilinichukua miaka kuuliza hivyo kuhusu programu yangu mwenyewe.

Kilichotuketisha kuzungumza ni historia ya mahali pa namna hii. Google Code ilifunguliwa 2006, ikaacha kupokea kazi mpya 2015, na Januari 2016 ikafungwa. Gitorious ilitoweka 2015 hiyo hiyo baada ya kununuliwa. Bitbucket ilipoacha kabisa mfumo wa Mercurial, mwaka 2020, hazina zote za aina hiyo ziliondolewa. GitHub ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5, na mwaka 2021 ikatokea Copilot, msaidizi wa kuandika msimbo aliyefunzwa kwa kazi zilizowekwa wazi na watu kama sisi. Mwaka uliofuata shirika la Software Freedom Conservancy likawaomba waandishi wa programu huria waondoke hapo. Wenzangu wachache, katika mazungumzo yaliyokwenda hadi maduka ya jirani yakafungwa, waligawanyika. Wako walioona kwamba mvua ya Sagalla na Mbololo haipaswi kutegemea uamuzi wa kampuni moja ya Marekani. Wako waliouliza tunakimbia nini, maana hakuna aliyetufukuza. Nilisikiliza pande zote mbili na kila upande ulikuwa na ukweli ambao nisingeweza kuupuuza, na bado, mwishowe, nilisema tuhame.

Tulichagua Codeberg. Inaendeshwa na chama cha wanachama kilichosajiliwa Berlin, ilifunguliwa 2019, inaishi kwa michango, na inapokea kazi huria peke yake. Programu inayoiendesha, Forgejo, ni huria vilevile, kwa hiyo hata Codeberg ikishindwa siku moja, chuo au ofisi yoyote ya hapa yenye seva na mtu wa kuitunza inaweza kusimamisha mahali pake. Hilo lilinigusa kuliko hoja zote. Nilitaka tukae mahali ambapo, tukilazimika kuondoka, hatutaanza kujifunza upya namna ya kuishi.

Kuhusu msimbo, basi, hofu yangu haikuwa na msingi, na kuna sababu. Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo wetu, yenyewe ni zao la kuhamishwa. Linus Torvalds aliiandika mwaka 2005 baada ya watengenezaji wa kiini cha Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure mfumo wa BitKeeper waliokuwa wameuzoea. Labda ndiyo maana aliijenga hivi kwamba kila anayenakili hazina anaondoka na historia nzima, bila kumhitaji mwenyeji. Kila badiliko lina alama yake, inayotokana na yaliyomo ndani yake pamoja na alama ya badiliko lililotangulia. Ukigusa jina au tarehe moja tu ya zamani, alama zote zinazofuata zinageuka na kila mwenye nakala anajua kwamba kuna kilichoguswa. Sijui mfumo mwingine unaohama ukiwa umeshika kumbukumbu zake hivyo.

Lakini programu haikuwa msimbo peke yake, na hili nilikuwa nikilijua kwa maneno kabla ya kulijua kweli. Miaka yote hiyo watu walikuwa wameandika hoja pale tulipokuwa: kwamba ujumbe wenye nukta badala ya mkato unasomwa vibaya, kwamba simu fulani za bei ndogo zinakata ujumbe, kwamba mtu wa Kasigau ametuma sifuri mwezi mzima na tusimdhanie mvivu kwa sababu hakika hakukunyesha. Hoja hizo zinahamishika. Forgejo ina njia ya kuzivuta, nikazivuta, zikaja na namba zake. Ila zilipofika, zote zilikaa chini ya akaunti yangu niliyehamisha, na majina ya walioziandika yakabaki maandishi tu juu ya kila moja, yakionyesha njia ya kurudi kule yalikotoka. Niliyasoma moja baada ya jingine. Wenye majina hayo hawakuwa wamekuja. Walikuwa hawajaulizwa hata, wengi wao, maana mazungumzo yale yaliyokwenda hadi usiku yalikuwa ya watu wanne wanaoweza kukutana Voi.

Mmoja wa wasiokuwapo ni dada mmoja aliyeanza kutusaidia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta. Yeye ndiye aliyeandika sehemu inayokagua vipimo vinavyotia shaka, ambayo ndiyo roho ya kazi yote, na aliiandika akitumia saa za maabara ya chuo kwa kuwa hakuwa na kompyuta yake. Baada ya kuhama aliniandikia, kwa adabu kama kawaida yake: "Kaka, hongera kwa kazi. Naomba tu kujua, ile yangu sasa itaonekana wapi?" Nikamweleza kwamba kila alichoandika kimehama kikiwa na jina lake, kwamba akifungua akaunti mpya kwa barua pepe ile ile kitaunganishwa naye. Nilimpa maelezo marefu na yote yalikuwa sahihi. Akashukuru. Kisha hakuandika tena kwa muda.

Nilirudi mara nyingi kwenye maelezo yale nikitafuta kasoro, nisiione. Nilichoanza kuona, taratibu, ni kwamba nilikuwa nimemjibu kuhusu hazina, na yeye alikuwa ameuliza kuhusu macho ya watu. Nairobi, anakoomba kazi, anayemhoji hufungua GitHub, huangalia jina lake, hutazama vile viboksi vya kijani vinavyoonyesha siku alizofanya kazi. Pengine ni kipimo kibaya cha mtu. Mimi nakiona kibaya. Lakini nina ajira, na ni rahisi kwangu kukidharau kipimo ambacho sipimwi nacho.

Nikiwa katika kuwaza huko nilipanda Wundanyi kumwona Mwalimu. Ni mwalimu mstaafu, mmoja wa wapimaji wetu wa mwanzo kabisa, na daftari zake za mvua ni za zamani kuliko programu yetu. Anapima karibu na mji ule ambako Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo chake cha utafiti tangu 2011, na mara moja moja watafiti hupita kwake kulinganisha hesabu. Sikuenda kuzungumza naye mambo ya seva. Nilikwenda kwa sababu programu ilikuwa imeonyesha jambo nisilolielewa: kituo chake kilikuwa kimeanza kutuma vipimo viwili kila asubuhi, visivyolingana, na sehemu ile aliyoiandika yule dada ilikuwa inaviweka kando vyote viwili.

Mwalimu alinipeleka nyuma ya nyumba. Kipimamvua cha zamani kilikuwa pale kilipokuwa siku zote, ila mgrevilea wa jirani ulikuwa umerefuka mpaka matawi yake yanaizuia mvua inayokuja na upepo. Hatua kadhaa chini, kwenye uwazi, kilisimama cha pili. "Mwanangu, nilitaka kukihamisha," akaniambia, "lakini nikikihamisha leo, kesho nitajuaje kama ni mvua iliyobadilika au ni mimi?" Basi akanunua kingine, akaviacha vyote viwili visimame, na kila asubuhi anavisoma vyote viwili, na daftari lake lina safu mbili. Amenuia kuvuka vuli moja na masika moja hivyo kabla ya kukiondoa kile cha kwanza. Nilimwuliza kama baadaye, akishajua tofauti, atarudi kuzisahihisha hesabu za miaka ya nyuma. Alinitazama kama ninavyokumbuka walimu wakimtazama mtoto aliyefuta jibu kwa raba. Hesabu za zamani haziguswi, alisema. Inaandikwa tu pembeni kwamba tangu mwaka fulani mti ulikuwa umeanza kuzuia, na anayesoma ataamua mwenyewe.

Baadaye niligundua kwamba alichokifanya kwa akili yake ndicho wanachokihimiza wataalamu wa hali ya hewa duniani. Miongoni mwa kanuni za GCOS, mpango wa kimataifa wa uangalizi wa tabianchi, imo inayotaka mfumo mpya wa kupima na ule wa zamani viende sambamba kwa muda wa kutosha, na nyingine inayotaka historia ya kituo, vifaa vyake na mazingira yake itunzwe kwa uangalifu ule ule unaotolewa kwa vipimo vyenyewe. Ninaandika programu ya mvua, na kanuni hizo sikuwa nimezisoma ila baada ya kuziona zikifanya kazi nyuma ya nyumba ya Mwalimu.

Niliteremka kwa matatu ya jioni nikipita Mwatate, mashamba ya mkonge yakiwa pande zote, na wazo lile halikuniacha. Kilichokuwa kimenisumbua tangu ule usiku kilikuwa kasi. Msimbo ulihama kwa dakika kwa sababu umeundwa uhame hivyo. Watu hawakuundwa hivyo, na mimi niliwapimia muda wa msimbo. Kama ningefikiri kama Mwalimu ningeacha mahali pote pawili pawe hai msimu mzima, nione nani anaingia kwa mlango upi, nani anakwama, nani anapotea, kabla ya kujidai kwamba najua tumehamia wapi.

Wapo waliotutangulia kwa hekima hiyo, kwa namna yao. OpenMRS walipohamisha msimbo wao kutoka mfumo wa Subversion kwenda Git, mwanzoni mwa muongo uliopita, orodha yao ya matatizo na mipango haikuhama nao. Iliendelea kukaa ilipokuwa, mahali pake penyewe, na watu waliendelea kuijua njia. Zamani niliona jambo kama hilo ni kazi iliyoachwa nusu. Sasa nadhani waliona kwamba si vyote vinapaswa kuhama siku moja.

Basi tumefungua tena mlango wa zamani. Kila badiliko linaloingia Codeberg linasukumwa GitHub lenyewe, na juu ya ukurasa wa kule tumeandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza tulihama lini, kwa sababu zipi, na kwamba anayetaka kuleta hoja huku au kule atajibiwa huku au kule. Majina ya wenye hoja za zamani nimeyaacha yalivyo. Sikujaribu kuyapamba wala kuyaunganisha na akaunti kwa kubahatisha.

Siwezi kusema kwamba hili limetulia. Milango miwili inachosha. Hoja moja huanza kule ikaendelea huku, na wiki iliyopita watu wawili walirekebisha kosa lile lile, kila mmoja upande wake, bila kujuana. Lilikuwa kosa la kale la wapimaji wote: mvua iliyosomwa saa tatu asubuhi ni ya tarehe ipi, ya leo iliposomwa au ya jana iliponyesha? Mmoja wa waliorekebisha alikuwa yule dada. Nilifurahi kuona jina lake kuliko nilivyotarajia, na marekebisho yake ndiyo tuliyochukua kwa kuwa yalikuwa safi zaidi. Lakini yule mwingine naye alikuwa ametoa jioni yake, na nilimwandikia nikijua kwamba mpangilio wangu ndio uliomfanya afanye kazi ambayo tayari ilikuwa imefanywa. Wenzangu waliotaka tuhame moja kwa moja wananiuliza, kwa haki, hali hii itaendelea mpaka lini, na kama uhuru tuliouhamia una maana yoyote ikiwa nusu ya maisha yetu bado iko kule kule. Nawajibu mpaka masika yapite. Nikiwa peke yangu sina hakika hata na hilo, maana Mwalimu anajua anachopima, ni milimita, na mimi sijui bado tofauti ya milango yangu miwili inasomwa kwa kipimo gani.

Siku chache zilizopita yule dada aliniandikia tena. Anaomba kazi mahali fulani Nairobi, na fomu inataka kiungo cha kazi zake. Nikamwambia aweke vyote viwili, cha zamani na kipya. Akanijibu kwamba fomu ina nafasi ya kiungo kimoja, na mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Tulizungumza kwa simu, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ya kusema kwanza, na tukakubaliana aweke cha zamani. Kisha nikawaandikia wenzangu kwamba mlango ule hautafungwa masika yakipita, na kwamba tukutane tena Voi kulizungumza, safari hii naye akiwepo.